Tanga Mbili: Kwa Nini Hali ya Hewa ya Pwani Hugeukageuka Mwishoni mwa Kaskazi

Mgeni afikaye katika ufuko wa Paje, wa Bagamoyo au wa Diani katikati ya mwezi Machi, ili apumzike kwa muda wa wiki mbili, mara nyingi hupokewa na jua kali, anga safi na upepo wa wastani utokao kaskazini-mashariki. Siku nane au kumi za mwanzo hufanana kama mapacha. Kisha, zikiwa zimebaki siku tatu au nne kabla ya safari ya kurudi, mambo hugeuka. Usiku upepo hukatika na joto hufukuta. Alfajiri mvua kubwa hunyesha kwa muda wa nusu saa, na ifikapo saa nne asubuhi jua huwaka tena kana kwamba hapakuwa na kitu. Alasiri mawingu husimama kama minara juu ya nchi kavu, ngurumo husikika kwa mbali, lakini halidondoki hata tone. Kesho yake upepo huvuma kutoka kusini, na kesho kutwa hurudi tena kaskazini. Mgeni hufunga mizigo yake akilalamika kwamba hali ya hewa imeharibika.

Malalamiko hayo yanaeleweka, lakini si sahihi. Hakuna kilichoharibika. Mgeni huyo amekuwapo pwani wakati pepo mbili kubwa za Bahari ya Hindi zinapopokezana zamu. Wavuvi na manahodha wa pwani wana jina la majira haya: huyaita tanga mbili, maana ndiyo majira ambayo chombo chaweza kutweka tanga kwenda upande huu au ule, wengine huyaita maleleji. Wenye hoteli nao wanayajua vyema, na baadhi yao hufunga milango yao mwezi wa Aprili na Mei ili watengeneze mapaa. Katika makala hii tutachunguza kinachotendeka angani na baharini wakati huo, na kwa nini mtabiri wa hali ya hewa hawezi kumhakikishia mgeni jua la kesho. Tutaona pia kwamba majira haya, ambayo kwa mwogeleaji ni kero tu, ndiyo yaliyoleta maafa makubwa kabisa ya upepo yanayokumbukwa katika pwani yetu.

Pepo mbili na ukanda wa mawingu

Kuanzia Desemba hadi Machi nusu ya kusini ya dunia hupata jua zaidi kuliko nusu ya kaskazini. Nchi na bahari zilizo kusini mwa Ikweta hupata joto, hewa iliyo juu yake hutanuka na kupanda, na kanieneo ya hewa mahali hapo hupungua. Wakati huo huo Bara Arabu na Asia zimepoa, na kanieneo huko ni kubwa. Hewa hutiririka kutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye kanieneo ndogo, na mtiririko huo ndio tunaouita kaskazi. Kuanzia Mei hadi Septemba mambo hugeuka: Asia huwaka joto, kusini hupoa, nayo kusi huvuma.

Edmond Halley, mwanaastronomia wa Uingereza ambaye nyota moja yenye mkia imepewa jina lake, alichapisha mwaka 1686 ramani ya pepo hizi pamoja na maelezo kwamba chanzo chake ni jua. Mwaka 1735 mwenzake George Hadley aliongeza jambo ambalo Halley hakulitambua, yaani kwamba mzunguko wa dunia ndio unaopinda njia ya pepo. Maelezo yao yalikuwa mapya. Matumizi ya pepo zenyewe hayakuwa mapya hata kidogo. Manahodha wa Arabuni, wa Bara Hindi na wa pwani hii walikuwa wamekwisha kuzitegemea kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakishuka na kaskazi na kurejea na kusi.

Kwa nini kaskazi huleta siku njema za mapumziko? Sababu ni mbili. Kwanza, hewa yake hutoka juu ya nchi kame za Arabuni na Pembe ya Afrika, na ingawa hupita juu ya bahari, haichukui unyevu mwingi kama ule wa hewa iliyosafiri safari ndefu katika bahari ya kusini. Pili, huvuma karibu sambamba na ufuko. Upepo unaoambaa pwani bila kugonga nchi haulazimiki kupanda, na hewa isiyopanda haileti mvua. Hili la pili lastahili kukaziwa, kwani vitabu vingi vya shule husema kwamba hewa yenye unyevu huleta mvua na kuishia hapo. Unyevu peke yake hautoshi. Hewa ya Dar es Salaam mwezi Februari ina unyevu wa kutosha kumlowanisha mtu shati kwa jasho, na bado mvua ni haba. Lazima kiwepo kitu cha kuinyanyua hewa.

Kitu hicho ni ukanda wa makutano ya pepo. Mahali ambapo hewa ya kaskazini hukutana na hewa ya kusini, zote mbili hukosa pa kwenda ila juu. Hapo ndipo mawingu makubwa huzaliwa. Ukizitazama picha za setilaiti utauona ukanda huu kama mshipi mweupe uliokatikakatika, uliozunguka dunia karibu na Ikweta. Mwezi Januari, upande wetu wa Bahari ya Hindi, mshipi huo umeshuka kusini hadi usawa wa Msumbiji kaskazini na Madagaska. Baadaye huanza kupanda, ukilifuata jua.

Jua la utosini huifikia Dar es Salaam tarehe 3 Machi au karibu nayo. Mombasa yapata tarehe 10, na Lamu katikati ya mwezi. Siku hizo, saa sita na nusu hivi mchana, mti uliosimama wima hauna kivuli, na mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo kwa kijiti na uzi wenye jiwe. Lakini ukanda wa mvua haulifuati jua papo kwa papo. Huchelewa kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana Unguja na Dar es Salaam hupata mvua nyingi zaidi mwezi wa Aprili, ilhali Mombasa na Lamu kilele chao ni Mei. Mgeni wa katikati ya Machi, basi, amefika ukanda ukiwa bado mlangoni, na anaondoka ukiingia.

Wala haupiti kama askari wa gwaride. Hupiga hatua mbili mbele na moja nyuma. Hukatika, hujiunga, hufifia kwa siku kadhaa, kisha huibuka mahali pengine. Ukiwa kusini mwako, upepo unaoupata ni kaskazi. Ukikupita kwenda kaskazini, unaonja kusi. Ukiwa juu yako, huna upepo wowote wa kuaminika; bahari hulala kama kioo, kisha wingu moja hupita na kuivuruga kwa robo saa. Katikati ya mabadiliko hayo hutokea pia siku za matlai, yaani upepo utokao maawio ya jua. Hayo ndiyo maelezo ya upepo wa kusini unaoingia leo na kutoweka kesho: mpaka wa pepo mbili unayumba juu ya kichwa cha mgeni.

Bahari haina haraka

Kuchelewa kwa mvua nyuma ya jua kwatokana hasa na bahari. Ili kilo moja ya maji ipate joto kwa nyuzi 1 ya Sentigredi zahitajika jouli zipatazo 4,200. Kilo moja ya mchanga mkavu huhitaji takriban 800 tu. Isitoshe, mwanga wa jua hupenya ndani ya maji na mawimbi huyakoroga, hivyo joto hugawanyika katika kina cha mita nyingi, wakati mchanga huungua juu tu. Bahari ya pwani yetu hufikia joto lake la juu, nyuzi 29 na zaidi, mwezi wa Machi na Aprili, wakati jua la utosini limekwisha kupita. Mwezi wa Agosti na Septemba hushuka hadi 25 hivi.

Tofauti ya nyuzi 4 yaonekana ndogo, na mwogeleaji aweza asiitambue. Hewa huitambua. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 haiwezi kubeba mvuke zaidi ya gramu 23. Ikiwa na nyuzi 29 hubeba karibu gramu 29. Ni nyongeza ya robo nzima, na mvuke huo si maji tu, bali ni nishati iliyofichwa.

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuirudia. Tuseme wingu moja limenyesha milimita 20 juu ya eneo la kilomita 1 ya mraba, jambo la kawaida kabisa katika masika. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, yaani kilo 1. Kilomita ya mraba ina mita za mraba 1,000,000, kwa hiyo mvua hiyo ni kilo 20,000,000, au tani 20,000. Kila kilo ya mvuke inapogeuka kuwa maji huachilia jouli zipatazo 2,500,000. Jumla yake ni jouli milioni milioni 50. Mitambo ya umeme ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, ingelazimika kufanya kazi kwa nguvu zake zote kwa muda wa saa 68 ili itoe nishati kiasi hicho. Mitambo ya bwawa la Julius Nyerere, yenye megawati 2,115, ingehitaji saa sita na nusu. Wingu lenyewe hutumia chini ya saa moja.

Sehemu kubwa ya nishati hiyo hutumika kuipasha joto hewa iliyomo ndani ya wingu, nayo hewa hiyo, ikiwa nyepesi kuliko jirani zake, huzidi kupanda. Ndiyo maana wingu lililoanza kama kipande cha pamba saa tano asubuhi laweza kufikia kimo cha kilomita 12 au 15 ifikapo alasiri, likiwa na barafu utosini mwake huku chini watu wanatokwa jasho. Hatimaye matone na barafu huwa vizito, huanza kuanguka, na katika kuanguka huiburuta hewa pamoja nayo. Baadhi ya matone hukauka njiani na kuipoza hewa hiyo zaidi. Hewa baridi, nzito, hushuka kwa kishindo, hugonga uso wa bahari na kutawanyika pande zote. Huo ndio upepo wa ghafla unaotangulia mvua kwa dakika chache, ule unaopindua miavuli ya ufukweni. Mvuvi aliye ndani ya ngalawa nje ya mwamba huuona ukija kama mstari mweusi juu ya maji, na ana dakika hizo chache tu za kushusha tanga.

Kwa nini alfajiri?

Watu wa bara wamezoea mvua ya alasiri: jua huipasha nchi mchana kutwa, mawingu huumuka, na mvua hunyesha jioni. Pwani mambo ni tofauti, na jambo hili huwashangaza wageni wengi. Mchana nchi kavu ina joto kuliko bahari, hivyo upepo wa bahari huanza kuvuma yapata saa nne au saa tano asubuhi na kuyasukuma mawingu ndani ya nchi. Ufuko hubaki na jua, huku minara ya mawingu ikionekana upande wa vilima. Usiku nchi hupoa kuliko bahari. Upepo mwanana, ambao watu wa pwani huuita umande, huteremka kutoka nchi kavu kwenda baharini na kukutana na upepo mkubwa wa majira utokao upande wa bahari. Pepo hizo mbili hugongana kilomita chache kutoka ufukweni, hewa hupanda, na mawingu yanayozaliwa hapo husukumwa kuja nchi kavu kabla ya mapambazuko.

Kwa hiyo mgeni aamshwaye na mvua saa kumi na moja alfajiri hana haja ya kukata tamaa na siku yake yote. Mvua ya namna hiyo, katika majira ya tanga mbili, mara nyingi hwisha kabla ya saa tatu. Wanawake wanaoanika mwani huko Jambiani wanayo sababu kubwa zaidi ya kulijua hilo, maana mwani uliokaribia kukauka ukinyeshewa hupoteza chumvi na ubora, na kazi ya siku kadhaa hupotea kwa nusu saa. Wanaoanika dagaa wana hasara ya namna hiyo hiyo, na kwao ni mbaya zaidi, kwa kuwa dagaa huoza.

Maana ya "vipindi vya jua"

Kila jioni redioni husikika maneno haya: mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Wako wanaoyacheka, wakisema kwamba mtabiri amejihadhari asikosee kwa vyovyote. Kwa maoni ya mwandishi huyu, maneno hayo ni sahihi kuliko wanavyodhani wachekaji. Wingu moja la mvua lina upana wa kilomita 5 hadi 10 na huishi kwa muda usiozidi saa moja au zaidi kidogo. Kigamboni yaweza kulowa chapachapa huku Kunduchi kukavu. Kutabiri kwamba kesho kutakuwa na mawingu ya namna hiyo katika ukanda wa pwani kunawezekana. Kutabiri kwamba moja litapita juu ya ufuko fulani saa nane mchana hakuwezekani, wala haidhaniwi kwamba kutawezekana siku kadhaa mbele.

Sababu yake ilielezwa mwaka 1963 na Edward Lorenz, mwanasayansi wa Marekani. Alionyesha kwamba katika mfumo kama angahewa, tofauti ndogo mno ya mwanzo hukua upesi hadi ikabadilisha matokeo yote. Vipimo vyetu vya halijoto, unyevu na upepo vina makosa madogo, na kati ya kituo kimoja na kingine kuna mapengo. Makosa hayo hukua kila saa. Katika nchi za Ulaya utabiri husaidiwa na mifumo mikubwa ya kanieneo yenye upana wa kilomita elfu moja na zaidi, ambayo huonekana ikija kutoka mbali. Karibu na Ikweta mifumo ya namna hiyo ni nadra, na mvua hutegemea zaidi mawingu mojamoja. Mtabiri wa tropiki ana kazi ngumu kuliko mwenzake wa London, na mara nyingi ana vituo vichache zaidi.

Hata hivyo kuna jambo moja kubwa linalompa msaada. Mwaka 1971 Roland Madden na Paul Julian, wakichunguza kumbukumbu za upepo na kanieneo za kisiwa kimoja katika Bahari ya Pasifiki, waligundua mdundo unaojirudia kila baada ya siku 40 hadi 50. Leo twajua kwamba ni eneo kubwa la mawingu mengi, likifuatwa na eneo la mawingu haba, linalosafiri polepole kwenda mashariki kwa mwendo wa mita 5 hivi kwa sekunde, yaani kilomita zaidi ya 400 kwa siku. Sehemu yake yenye mawingu inapovuka upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, masika huchacha. Inapokwisha kupita, pwani yaweza kupata juma zima la jua katikati ya Aprili. Msomaji aliyewahi kuona masika yakikatika ghafla na wakulima wakiogopa kwamba mvua imekwisha, huenda aliuona mdundo huo bila kujua jina lake.

Hatari ya kweli

Mpaka hapa tumezungumza juu ya usumbufu. Sasa tuzungumze juu ya vimbunga.

Vitabu vya shule husema kwamba vimbunga vya tropiki havitokei karibu na Ikweta, na kwa ujumla ni kweli. Ili upepo uzunguke kuwa kimbunga lazima usaidiwe na msukumo utokanao na mzunguko wa dunia, na msukumo huo ni sifuri kwenye Ikweta na huongezeka kadiri tuendavyo mbali nayo. Katika latitudo 6 Kusini, ilipo Unguja, ni kiasi cha theluthi moja tu ya ule wa latitudo 20. Hata hivyo theluthi moja si sifuri.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Merikebu za Sultani Barghash na majahazi mengi yaliyokuwa bandarini yalizama au kutupwa nchi kavu, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'olewa. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza katika karafuu. Ni nadra upepo wa siku moja kubadili uchumi wa visiwa viwili kwa kizazi kizima na zaidi. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, si mbali na mpaka wa Mtwara, kikiwa miongoni mwa vikali kabisa vilivyopata kurekodiwa katika nchi hiyo. Aprili 2021 kimbunga Jobo kiliikaribia pwani ya Tanzania kikadhoofika kabla ya kufika. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, kikiwa kimekwisha kuanza kupungua nguvu.

Tazama miezi: Aprili, Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Kwa nini? Bahari wakati huo ina joto lake la juu, kwa hiyo mvuke ni mwingi. Ukanda wa makutano umo juu ya pwani, hivyo hewa tayari inapanda. Tena, kwa kuwa kaskazi imekwisha na kusi haijashika, tofauti kati ya upepo wa chini na upepo wa juu ni ndogo. Jambo hili la tatu ni muhimu mno. Kimbunga ni kama bomba refu lililosimama wima. Upepo wa juu ukienda kasi au kwa upande tofauti na wa chini, bomba hilo huinamishwa na kukatwa. Utulivu ule ule unaomfanya mgeni alalamike kwamba hakuna upepo ndio unaoliacha bomba lisimame. Vimbunga vitatu kati ya 2019 na 2024 ni vichache mno kutosha kudai kwamba mwenendo umebadilika, lakini Bahari ya Hindi imeendelea kupata joto tangu katikati ya karne ya 20, na sharti la kwanza kati ya haya matatu linatimizwa kwa urahisi zaidi kuliko zamani.

Kuna hatari nyingine zisizohitaji kimbunga. Radi ni ya kwanza. Sauti husafiri kilomita 1 kwa sekunde 3 hivi. Mtu akihesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo na kugawanya kwa 3, hupata umbali kwa kilomita. Zikipungua 30, wingu liko ndani ya kilomita 10, na waogeleaji watoke majini, wala wasikimbilie chini ya mnazi. Ya pili ni maji yenyewe. Siku ya usiku na mchana sawa, yapata tarehe 20 Machi, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari ulio karibu na Ikweta, kwa hiyo bamvua za Machi na Aprili ni kubwa kuliko nyingi za mwaka. Katika Unguja tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika takriban mita 4, ilhali wakati wa maji mafu ni kama mita 1. Siku za bamvua maji hupwa saa nne asubuhi hivi na kujaa saa kumi alasiri, saa ile ile ambayo upepo wa bahari umepata nguvu. Mwamba unaolinda ufuko umezama, mawimbi hupita juu yake, na maji yanapoanza kurudi hutoka kwa kasi katika milango ya mwamba. Mtu aliyeogelea hapo kwa siku kumi za maji mafu na upepo wa wastani hudhani anakujua mahali hapo.

Wala isidhaniwe kwamba anga safi ndiyo dalili ya bahari salama. Meli ya Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo mkali.

Miongo ya manahodha na kipimo kinachodanganya

Manahodha wa zamani hawakungoja wingu waone. Walihesabu. Mwaka wao wa jua ulianzia siku ya nairuzi, ile ambayo huko Makunduchi bado husherehekewa mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa, na uligawanywa katika miongo, yaani makumi ya siku. Kila mwongo ulikuwa na upepo wake na ruhusa zake: katika mwongo huu chombo kikubwa kisiondoke, katika ule majahazi ya Arabuni yaanze kupakia. Kasoro yake ni kwamba mwaka huo una siku 365 kamili, bila siku ya ziada ya kila mwaka wa nne, kwa hiyo hurudi nyuma siku 1 kila miaka 4, au siku 25 kwa karne. Nahodha aliyerithi hesabu ya babu yake ilimpasa airekebishe kwa macho yake.

Shule nyingi leo zina barometa, au zaweza kuipata, na hapa lazima walimu waonywe. Maandishi ya "mvua", "hugeuka" na "kavu" yaliyochorwa juu ya uso wa barometa za zamani yaliandikwa kwa ajili ya Ulaya. Kwetu hayana maana. Katika tropiki kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kama maji ya bahari: hupanda hadi saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi alasiri, hupanda tena hadi saa nne usiku na kushuka hadi saa kumi alfajiri. Tofauti kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri ni kama hektapaskali 3, na hutokea kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mwanafunzi asiyejua hili atatangaza dhoruba kila alasiri.

Njia iliyo sahihi ni ya mabaharia. Soma barometa kila siku saa zile zile, kwa mfano saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na utafute wastani wa kila saa peke yake. Linganisha kipimo cha leo saa kumi na wastani wa saa kumi, si na kipimo cha asubuhi. Kikipungua kwa hektapaskali 3 chini ya wastani wa saa hiyo, pana jambo lisilo la kawaida, na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisikilizwe kwa makini. Kikipungua kwa zaidi ya 5, mabaharia huhesabu kwamba dhoruba ya tropiki iko karibu, na hakuna ngalawa ya kuondoka. Pamoja na kanieneo, andika upande wa upepo na saa mvua ilipoanza na kukoma. Shule yenye barometa moja na daftari, ikianza kazi hiyo mwanzoni mwa Februari, itakuwa na wastani wake yenyewe kabla ya maleleji kuingia.